Booth aliyemuua Lincoln: alikuwa mwigizaji aliyefulia, au tunapigwa kamba?

Kibatari (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nimebishana na shemeji yangu kijiweni mpaka kahawa ikapoa. Yeye anashikilia kwamba John Wilkes Booth, yule aliyempiga risasi Rais Abraham Lincoln mwaka 1865, alikuwa mwigizaji wa daraja la tatu. Kwamba kaka yake ndiye aliyekuwa nyota, yeye amefulia, wivu ukamla, akaona njia ya kupata jina ni kuua mtu mkubwa. Mimi nilishasoma mahali kwamba jamaa alikuwa na jina lake na hela zake. Sasa kipi ni kipi?

La pili: nasikia miezi michache kabla ya mauaji alicheza nafasi ya Brutus kwenye Julius Caesar ya Shakespeare. Sisi tuliomjua Brutus kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere tunaona kama hadithi imenyooka mno. Ni kweli, au watu wametia chumvi ili inoge?

Wajuzi wa historia na wa jukwaa karibuni. Matusi hapana.

Chuma Chakavu

Msanii akikosa shoo ni hatari kuliko njaa. Ngoja waje wanaojua, mimi nimeweka kambi hapa.

Fundi Pazia

Mleta mada, salaam. Mwambie shemeji hapo amechemka.

Mimi si mwanahistoria wa kusomea. Maisha yangu yamekuwa nyuma ya jukwaa, Dar na Bagamoyo: kuvuta pazia, kupanga taa, kumnong'oneza mwigizaji mstari uliomtoka. Ndiyo maana huyu bwana ananikera na kunivuta kwa pamoja. Kila hatua aliyopita usiku ule naiona, kwa sababu ni hatua za mtu wa kazi yetu.

Tuanze na hela. Alianzia chini kweli. Mwaka 1857 aliajiriwa ukumbi wa Arch Street, Philadelphia, kwa dola 8 kwa wiki, akijiita J. B. Wilkes ili akivurunda jina la ukoo lisichafuke. Na alivurunda. Usiku mmoja alitakiwa ajitambulishe kwa jina refu la Kiitaliano, ulimi ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma tena, mwisho akauliza kwa sauti, "Kwani mimi ni nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kutoka hapo akaenda Richmond, Virginia, akapikwa kwenye kundi lililokuwa likibadilisha tamthilia kila kukicha, na kufikia 1860 alikuwa anazunguka miji kama nyota. Alijisifu kwamba anaingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Mtoe nusu kama humwamini, bado ni pesa nyingi: mshahara wa Rais wa Marekani wakati huo ulikuwa dola 25,000. Lincoln mwenyewe alikwenda kumtazama akiigiza ukumbi wa Ford's, Washington, Novemba 9, 1863. Huyo ndiye mtu wa daraja la tatu?

Ambacho shemeji amekigusa kidogo ni kwamba 1864 mambo yalilegea. Sauti ikaanza kukwaruza. Jamaa hakuwahi kukaa chini afundishwe kutunza koo, alitegemea mwili: kuruka, kukimbia, kupigana kwa panga mpaka wenzake wanaumia kweli. Fedha alizotia kwenye visima vya mafuta Pennsylvania, kama dola 6,000, zikapotea. Jukwaani akawa haonekani. Ila tazama kalenda: kuanzia Agosti 1864 alikuwa anakusanya watu wa kumteka Lincoln, wa kwanza wakiwa rafiki zake wa utotoni kutoka Maryland. Aliacha kazi ili aifanye njama. Shemeji ameigeuza.

Kuhusu Brutus, kisa ni cha kweli ila nafasi siyo. Novemba 25, 1864, ukumbi wa Winter Garden, New York, ndugu watatu walipanda jukwaa moja kuchangisha fedha za sanamu ya Shakespeare ya Central Park. Junius alikuwa Cassius, Edwin, yule kaka yake nyota, alikuwa Brutus, na John Wilkes alikuwa Mark Antony, yule anayesimama na maiti ya Kaisari na kuwageuza watu kwa maneno. Kwa hiyo aliyeshika jambia la Brutus ni Edwin, na Edwin mwezi huohuo alikuwa amempigia kura Lincoln! Usiku uleule mawakala wa Kusini (yale majimbo ya utumwa yaliyojitenga na kupigana vita na serikali ya Lincoln) wakachoma moto hoteli kadhaa za New York, moja ikiwa ukuta kwa ukuta na ukumbi. Taharuki ikaingia ndani na Edwin ikabidi aje mbele kuwatuliza watazamaji. Miaka mingi baadaye Edwin aliandika kwamba alipomwambia mdogo wake juu ya kura ile, John alisikitika sana, akasema anaamini Lincoln atafanywa mfalme wa Marekani. Alikuwa na Kaisari kichwani, ila si kwa sababu ya usiku mmoja wa hisani. Baba yao mzazi aliitwa Junius Brutus Booth. Hilo jina la Brutus lilikaa mezani kwao tangu hajazaliwa.

Sasa usiku wenyewe, Ijumaa Kuu, Aprili 14, 1865. Barua za Booth zilikuwa zinafikia Ford's, kama ilivyokuwa kawaida ya wasanii wanaosafiri. Saa sita mchana alipofuata barua ndipo akasikia Rais anakuja jioni. Ana saa kumi tu za kujiandaa, na hakuhitaji ramani. Kila mlango aliujua, na mafundi wa nyuma walimchukulia kama mtu wa nyumbani. Tamthilia ilikuwa ya kuchekesha na aliijua pia: kuna mahali mwigizaji mmoja, Harry Hawk, anabaki peke yake jukwaani na kumtupia mama mmoja aliyeondoka tusi la kuchekesha, na hapo ukumbi hulipuka kila usiku. Akachagua hapo. Kicheko kifunike mlio wa bastola, na jukwaa liwe na mtu mmoja tu wa kumzuia. Mtu asiyewahi kusimama nyuma ya pazia akisubiri zamu yake hawezi kuwaza hivyo. Nikisoma hapo mwili unanisisimka, maana hesabu hiyo ya "ikifika kicheko, ingia" ndiyo hesabu niliyoifanya maisha yangu yote.

Farasi alimwacha uchochoroni, kijana mmoja wa kazi aliyeitwa kwa utani Peanut akamshikilia. Booth akapita chini ya jukwaa, akatokea upande wa pili, akaingia baa ya jirani akapiga kinywaji, kisha akaingia kwa mlango wa mbele kama mtazamaji. Juu akamwonyesha mtumishi wa Rais kadi, akapita. Jina ndilo lililokuwa pasi yake. Akauzuia mlango nyuma yake kwa kipande cha mbao, akasubiri kicheko.

Bastola yenyewe ilikuwa ya risasi moja. Moja tu, ikikosa imekula kwake! Jambia lilikuwa la akiba, na ndilo lililomchana mkono Meja Rathbone aliyekaa na akina Lincoln. Kisha akaruka kutoka kwenye roshani ya Rais, kama mita 3.5 kwenda jukwaani. Waliomwona akicheza Macbeth wasingeshangaa, kwani humo alizoea kuingia kwa kuruka kutoka kwenye mwamba wa kutengeneza wenye urefu wa kukaribiana na huo. Safari hii chuma cha kisiginoni, kile cha kumchochea farasi, kilinasa kwenye bendera ya mapambo, akatua vibaya. Wengi husema mguu wa kushoto ulivunjika pale. Wapo wanaosema ni farasi aliyeanguka naye baadaye. Hata hivyo akasimama, akainua jambia, akapaza kaulimbiu ya jimbo la Virginia, *Sic semper tyrannis*, kwamba madhalimu siku zote watafanywa hivi. Wapo watazamaji waliodhani ni sehemu ya mchezo. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akimkata kwa jambia kiongozi wa bendi aliyekuwa njiani, akampiga teke Peanut na kupotea.

Waandishi wengi hunogewa hapo, wakamfanya jamaa kuwa kichaa mzuri wa sura aliyechanganya jukwaa na maisha. Mimi hapo nawakatalia. Sababu yake aliiandika kwa mkono wake. Barua aliyomwachia dada yake ilichapwa gazetini Philadelphia siku chache baada ya mauaji. Inasema nchi ile iliundwa kwa ajili ya mtu mweupe, siyo mweusi, na kwamba utumwa ulikuwa moja ya baraka kubwa Mungu alizoijalia nchi yao, kwa weupe na kwa watumwa wenyewe. Desemba 1859 alivaa sare ya wanamgambo wa Richmond, akatoroka mazoezi ya ukumbini, akaenda kushuhudia John Brown akinyongwa kwa kujaribu kuwaasisha watumwa. (Mwanamgambo mwenzake alikumbuka kwamba Booth alipauka uso pale na kusema anatamani wiski.) Na Aprili 11, 1865, jeshi kuu la Kusini likiwa limeshasalimu amri, Lincoln alihutubia kutoka dirisha la Ikulu, akasema angependa baadhi ya watu weusi wapige kura, wale wenye upeo mkubwa na wale waliopigana kama askari. Booth alikuwa kwenye umati. Akamwambia mwenzake kwamba maana yake ni uraia kwa weusi, kwa neno la kashfa ambalo silirudii hapa, na kwamba hiyo ndiyo hotuba ya mwisho ya Lincoln. Siku tatu baadaye ikawa hivyo. Sisi tunaosoma tukiwa huku hatuna sababu ya kulizunguka hilo eti kwa kuwa muuaji alikuwa na macho mazuri.

Chuma Chakavu

Fundi, umeshusha nondo. Kwa hiyo kumbe jamaa alitaka makofi?

Fundi Pazia

Aliyategemea kabisa, mkuu. Akiwa mafichoni kwenye msitu wa misonobari kusini mwa Maryland, mguu umevimba, hawezi hata kuwasha moto, yule aliyekuwa akimletea chakula alisema kitu alichokitaka sana ni magazeti. Alikuwa anasubiri uhakiki kama msanii asubuhi ya baada ya onyesho la kwanza. Yakaja, yakamtukana. Hata Kusini wapo waliomlaani. Na mchana wa siku ya mauaji alikuwa amempa mwigizaji mwenzake, John Matthews, barua ya kupeleka gazetini kueleza kwa nini ameua. Matthews alipoona kilichotokea akaisoma, akaogopa kunyongwa, akaitia moto. Booth msituni anafungua gazeti baada ya gazeti, barua yake haimo.

Akachukua kijitabu cha kalenda cha 1864 akaanza kuandika mwenyewe. Hapo ndipo utamjua mtu. Anasema alipaza *Sic semper* kabla ya kufyatua. Waliokuwepo wengi walisikia baada ya kuruka. Anasema alikwenda farasi maili 60 usiku ule, mfupa ukichana nyama kila hatua. Daktari Samuel Mudd, aliyemfunga mguu alfajiri, yuko karibu nusu ya umbali huo, na mfupa haukuwa umetoka nje. Analalamika anasakwa kama mbwa kwa jambo ambalo Brutus aliheshimiwa kwalo. Mvua inamnyeshea, askari wamejaa kila kona, mwenzake David Herold amekaa pembeni, naye anarekebisha onyesho.

Mama Chanja

Kaka Fundi, umetupa jukwaa mpaka tumeshiba. Mimi nataka kujua nyumbani. Alikuwa mtoto wa nani, mama yake alimlea vipi, na hao ndugu hawakuona dalili? Maana mtu haamki tu siku moja.

Fundi Pazia

Dada, swali lako ni gumu kuliko la mleta mada.

Alizaliwa Mei 10, 1838, shambani karibu na Bel Air, Maryland, mtoto wa tisa kati ya kumi. Baba yake alikuwa mwigizaji mkubwa kutoka London, aliyemtelekeza mke wa ndoa kule na kuja Marekani 1821 na Mary Ann Holmes, muuza maua. Talaka ilipatikana 1851 na wazazi wakaoana Mei 10, siku John anatimiza miaka 13. Fikiria siku ya kuzaliwa ya namna hiyo kwa mtoto mwenye akili. Mzee alikuwa mlevi, mara nyingine akili zinamruka: 1835 alimwandikia Rais Andrew Jackson barua ya kutishia kumkata koo. Lakini mtu huyohuyo hakuruhusu mnyama achinjwe shambani kwake, na kuna safari alimwita mchungaji aje kuzika njiwa.

John alipata kidogo cha kila upande. Dada yake Asia, aliyeandika kumbukumbu kwa siri, anasimulia kwamba alipotaka kumkausha mdudu kwa ajili ya mkusanyiko wake, John alimnyang'anya na kumwachia huru. Huruma hiyo ilikuwa na mipaka. Vibarua weupe waliokuwa wakila na familia mezani, kama ilivyokuwa desturi ya mashamba yale, John hakutaka mama na dada zake wakae nao. Alijiona bwana mkubwa wa Kusini ilhali baba yake alikuwa mhamiaji aliyekodi watumwa wa watu. Ukabaila wa kuazima, huo. Mara nyingi wenye huo wa kuazima ndio wakali zaidi.

Mama ndiye aliyemshika kwa kamba moja: alimwahidi hatajiunga na jeshi la Kusini. Akatimiza. Vita vya miaka minne wenzake wanakufa, yeye yuko Boston na New York anapigiwa makofi na watu anaowachukia. Kwenye barua zake unaona jinsi alivyojiona mwoga kwa hilo. Binafsi naona hapo ndipo penye kidonda, kuliko huo wivu kwa Edwin.

Na dalili waliziona, wakazicheka. Edwin alikiri kwamba nyumbani walimchukulia kama kijana mwenye moyo mzuri, kichwa moto, na walizoea kucheka akianza siasa zake. Baadaye Edwin alikaa miezi bila kupanda jukwaani, akarudi Januari 1866 akiwa Hamlet, watu wakamsimamia na kumshangilia. Asia alihamia Uingereza 1868 na hakurudi kuishi Marekani. Kumbukumbu zake zilitoka 1938, yeye ameshafariki miaka 50.

Kipanga wa Pwani

Hadithi nzuri, lakini mbona mnajifanya hamjui kwamba Booth hakufa? Aliyeuawa ghalani ni mtu mwingine. Mwenyewe aliishi kwa jina la bandia mpaka 1903 huko Oklahoma, na maiti yake iliyokaushwa ilizungushwa kwenye maonyesho, watu wakalipa kiingilio. Serikali ilizika mwili kimyakimya bila kuonyesha umma. Kwa nini?

Fundi Pazia

Mkuu Kipanga, maiti ya maonyesho ilikuwepo kweli, na viingilio vililipwa kweli. Ni ya fundi rangi mmoja aliyekunywa sumu mjini Enid, Oklahoma, Januari 1903. Biashara ikaanzia hapo.

Turudi banda la tumbaku la Garrett, karibu na Port Royal, Virginia, alfajiri ya Aprili 26, 1865. Herold alijisalimisha. Booth aliwaomba askari warudi nyuma hatua kadhaa ili apigane nao mmoja mmoja, hata alipozingirwa anataka pambano la jukwaani. Wakatia banda moto, sajini Boston Corbett akampiga risasi ya shingo kupitia upenyo wa mbao. Wakamtoa, akaishi saa mbili tatu, hawezi kusogeza mikono. Akaomba mama yake aambiwe amekufa kwa ajili ya nchi yake. Aliomba wamwinulie mikono aitazame, akasema, haina faida, haina faida.

Serikali ilimzika kimya kwenye ghala la silaha Washington kwa kuogopa kaburi lisigeuke mahali pa ziara. 1869 familia ikapewa mwili, ndugu na watu waliomjua wakautazama, ukapelekwa makaburi ya Green Mount, Baltimore, bila jina.

Kuhusu utambulisho, aliletwa kwenye meli ya kivita Montauk, wakaitwa waliomjua. Herufi J.W.B. zilikuwa zimechanjwa mkononi. Akaitwa pia daktari May, aliyemkata uvimbe shingoni 1863. Mwanzo daktari alikataa kwamba hafanani, uso umekonda, rangi imebadilika. Akasema: kabla hamjainua shuka, nitawaeleza kovu langu lilivyo. Kidonda kile kilikuwa kimefumuka kabla hakijapona, mwigizaji wa kike alipomkumbatia kwa nguvu jukwaani, kikaacha kovu pana, baya, si mstari mwembamba. Akageuzwa, kovu likawa vilevile.

Daktari alikuwa na sababu nyingine ya kulikumbuka. Siku ya upasuaji Booth alimwomba kwamba mtu yeyote akiuliza, aambiwe imetolewa risasi.

Ile mumia yako ya Oklahoma ilikuwa na kovu hilo? Weka ushahidi hapa, nipo mpaka usiku.